Likasi: umeme uliozaa shaba, je, unaweza kusafisha tope la mto Panda?

LIKASI, Haut-Katanga – Ni karibu miaka mia moja sasa tangu umeme uanze kutoa shaba safi mjini Likasi. Mwaka 1929, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilifungua Shituru kiwanda cha elektrolisisi. Mawe yanasagwa, yanaloweshwa katika asidi ya salfa mpaka shaba iyeyuke, halafu mkondo wa umeme unapitishwa ndani ya maji hayo. Shaba inaganda juu ya vibao vya katodi, inabanduliwa, inapakiwa na kwenda kuuzwa mbali.

Kinachobaki hakipakiwi. Unga wa mawe, maji ya asidi na mabaki ya metali ambazo kiwanda hakikuweza kukamata vimekuwa vikiachwa nyuma, sehemu katika malundo na madimbwi, sehemu ndani ya vijito vinavyoshuka mto Panda.

Wanasayansi wa nchi mbalimbali wanafanyia kazi njia inayofanana sana na ile ya Shituru: kupitisha umeme ndani ya tope chafu ili metali zitoke humo, na tope lenyewe likauke na kushikana. Kwa mji kama Likasi, wenye mafundi wanaoijua elektrolisisi tangu ujana wao, habari hiyo inasikika kama dawa iliyokuwa nyumbani siku zote. Je, inaweza kufanya kazi hapa? Na kama inaweza, nani atailipia?

Mto, ziwa na bwawa

Ili kuelewa ukubwa wa shida, inafaa kufuata maji. Mto Panda unapokea maji ya viwanda na ya mji wa Likasi, kisha unaingia Lufira. Lufira nayo inaingia katika ziwa Tshangalele, ambalo si ziwa la asili. Lilizaliwa mwaka 1930, bwawa la Mwadingusha lilipojengwa ili kuzungusha mashine za umeme. Umeme huo ulihitajiwa kwanza na viwanda vya shaba, Shituru kikiwa kimojawapo.

Kwa hiyo mviringo umefungwa kwa namna ya kushangaza. Maji ya Lufira yanatoa umeme, umeme unatoa shaba, na uchafu wa shaba unarudi Lufira na kutuama nyuma ya bwawa lilelile. Mahali ambapo maji yanapunguza mwendo, chembe nzito zinashuka chini. Hizo ndizo mashapo: tope laini linalokaa chini ya mto na ziwa, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka.

Tangu mwaka 1967 Union Minière ilipotaifishwa, viwanda vilikuwa mikononi mwa serikali, na Gécamines ikawa mwenyeji mkubwa wa mji. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 2000, wakaja washirika na kampuni binafsi. Wenye mali wamebadilika mara kadhaa, lakini tope limebaki palepale. Wala halina karatasi inayoonyesha gramu gani ni ya Wabelgiji, gani ni ya Gécamines, na gani imetoka kwa waliokuja juzi.

Kutoka tope hadi sahani

Tope lingelala kimya chini ya maji, pengine shida ingekuwa ndogo. Lakini halilali. Mvua kubwa inalikoroga, samaki wanatafuta chakula ndani yake, na kiangazi maji yakipungua kingo zinabaki wazi na zinalimwa. Lengalenga, matembele na mboga nyingine hupenda udongo wenye unyevu wa kando ya mto.

Watafiti wameyaangalia mambo haya kwa karibu. Mwaka 2010, kikundi cha watafiti Wakongomani na Wabelgiji kilichapisha katika jarida la Tropicultura utafiti juu ya bonde la Lufira ya juu. Walipima shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani, vanadi na aseniki katika mlolongo wa chakula wa majini. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu samaki wa Tshangalele na watu wanaowala. Samaki wa ziwa hilo hawabaki kijijini. Wanauzwa katika masoko ya Likasi na kwingineko.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walipima mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, walikuta kobalti kwa kiwango ambacho, wakati huo, kilikuwa hakijawahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani. Watoto walikuwa katika hali mbaya kuliko watu wazima. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kobalti inaingia mwilini zaidi kwa njia ya chakula na vumbi.

Hilo ndilo linalofanya suala la tope kuwa suala la jikoni. Anayenunua fungu la mboga sokoni hana njia ya kujua limetoka ukingo gani. Kobalti haina harufu, na kuosha majani hakuondoi metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani.

Umeme unafanya nini ndani ya tope

Kanuni yenyewe si ngumu. Vyuma viwili, yaani elektrodi, vinasimikwa ndani ya tope lenye maji, na mkondo wa umeme usiogeuka mwelekeo, kama ule wa betri, unapitishwa kati yake. Mambo matatu yanatokea kwa wakati mmoja.

La kwanza, metali zilizoyeyuka zinaanza kusafiri. Shaba, kobalti, zinki na kadimi zikiwa ndani ya maji kwa kawaida zina chaji chanya, kwa hiyo zinavutwa kwenda elektrodi hasi, katodi. Hapo ndipo zinaweza kukusanywa na kutolewa.

La pili, maji yenyewe yanasukumwa kupita katikati ya chembe za udongo, mara nyingi kuelekea katodi. Hali hii iligunduliwa na Ferdinand Reuss huko Moscow mwanzoni mwa karne ya 19. Faida yake inaonekana katika udongo wa mfinyanzi. Pampu haiwezi kunyonya maji katika udongo huo kwa sababu matundu yake ni madogo mno, ila umeme unaweza kuyasogeza. Katika miaka ya 1930 mhandisi Leo Casagrande aliitumia njia hiyo Ujerumani kukausha na kuimarisha udongo laini wa ujenzi. Tope lililopungua maji linashikana, linashuka, na halichukuliwi kirahisi na mvua inayofuata.

La tatu, maji yanapasuliwa na umeme. Upande wa anodi inazaliwa asidi, upande wa katodi unazaliwa ukali wa aina ya chokaa. Asidi inasaidia, maana inabandua metali zilizong'ang'ania chembe za udongo. Chokaa inaharibu, maana metali zikikutana nayo zinaganda katikati ya safari na kuziba njia. Kwa sababu hiyo, wanaofanya kazi hii hawasimiki vyuma na kwenda zao. Wanazungushia elektrodi maji ya kusafisha, wanaongeza asidi upande wa katodi, au wanaweka utando maalumu unaopitisha aina moja tu ya chaji.

Fundi aliyefanya kazi katika ukumbi wa elektrolisisi ataona kwamba hakuna kigeni hapo. Tofauti ni kwamba Shituru shaba imekwisha kuyeyushwa kabla ya kukutana na umeme. Ndani ya tope, umeme wenyewe unapaswa kwanza kuifungua.

Imefaulu wapi, imeshindwa wapi

Majaribio ya shambani, si ya maabara tu, yalianza Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1980, katika udongo uliochafuliwa na metali kama risasi na shaba. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, kampuni kubwa za kemikali na idara za serikali zilijaribu njia ya namna hiyo huko Paducah, Kentucky, ndani ya udongo wa mfinyanzi wenye kemikali ya kusafishia vyuma. Nchini Denmark, Chuo Kikuu cha Ufundi kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya matope ya bandari, kikitumia umeme pamoja na utando wa kuchuja.

Mfano ulio karibu zaidi na Likasi, ingawa uko mbali kwa ramani, ni Chile. Nchi hiyo inaishi kwa shaba kama Katanga, na ina milima ya mabaki ya migodi. Kuanzia miaka ya 2000 watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Denmark walipitisha umeme katika mabaki hayo na wakafaulu kuitoa sehemu ya shaba, hasa walipoongeza asidi ya salfa. Bila asidi, shaba iliyotoka ilikuwa kidogo.

Kuna pia mahali ambapo ahadi haikutimia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika tope la bahari huko Bellingham, jimbo la Washington, njia moja ya umeme ilijaribiwa dhidi ya zebaki chini ya uangalizi wa serikali ya Marekani. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba uchafu ulipungua kama wauzaji wa teknolojia walivyotangaza. Funzo lake ni rahisi: kila tope lina tabia yake, na mafanikio ya mahali pamoja si cheti cha mahali pengine.

Hesabu ya Likasi

Tope la Panda lina tabia gani? Kuna jambo moja ambalo jiolojia inalisema wazi. Mawe ya shaba ya Katanga yamelala kati ya miamba ya dolomiti, jamaa ya mawe ya chokaa. Chokaa hiyo inameza asidi. Kabla asidi haijafika kwenye shaba, itabidi kwanza ishibishe dolomiti, na hapo gharama inapanda. Isitoshe, chini kabisa ya tope lisilopata hewa, metali hushikana na salfa na kuwa ngumu kusogezwa.

Halafu kuna umeme wenyewe. Elektrolisisi ya kiwandani inatumia kama kilowati-saa 2,000 kupata tani moja ya shaba. Kwa tope, majaribio yanatoa hesabu zinazoachana sana, kutoka makumi hadi mamia ya kilowati-saa kwa kila mita ya ujazo.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu: hekta moja ya tope, kina chake nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 5,000. Kwa kilowati-saa 100 kila mita, zitahitajika kilowati-saa 500,000. Kiwanda kingetumia umeme huo kutengeneza tani 250 za shaba. Sasa tuseme kila mita ya tope ina kilo 5 za shaba, na yote imetoka, jambo ambalo halitokei. Zingepatikana tani 25. Kila tani ingekuwa imekula umeme mara kumi kuliko tani ya kiwandani.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo linapaswa kusemwa mapema, kabla mtu hajaja na mkataba mkononi. Kusafisha tope la mto kwa umeme si kuchimba madini kwa njia mpya, na hakutajilipia kwenyewe kwa shaba itakayopatikana. Ni tofauti na mabaki tajiri ya zamani, kama yale ya Kolwezi ambayo kampuni ya Metalkol ilianza kuyachakata upya mwaka 2018 kwa ajili ya shaba na kobalti. Pale kuna biashara. Katika tope la mto, ambamo metali ni nyingi kiasi cha kudhuru lakini ni kidogo mno kuleta faida, kuna deni tu.

Na mji wenyewe una njaa ya umeme. Kampuni za madini za Katanga zinanunua umeme mpaka Zambia, na wakaaji wa mitaa mingi wanajua giza kuliko taa. Kuchukua nguvu za gridi ili kuziingiza ndani ya tope, wakati wodi za uzazi zinakosa taa, ni jambo ambalo hakuna meya angeweza kulieleza kwa watu wake.

Hapo jua linaweza kusaidia. Paneli za jua zinatoa moja kwa moja umeme wa aina inayohitajika, na watafiti wa nchi nyingine wamekwisha kujaribu kusafisha udongo kwa paneli hizo. Kazi hii haina haraka: hata katika hali nzuri, metali husogea sentimita chache kwa siku, kwa hiyo usiku ukiingia na mkondo ukakatika, hakuna kinachoharibika sana. Kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, kina jua kali na maji machache mtoni. Ni msimu unaofaa kwa jaribio dogo.

Bomba likiwa wazi

Lakini hakuna jaribio litakalokuwa na maana kama tope jipya linaendelea kushuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kupiga deki huku bomba liko wazi.

Mambo ya karibuni yanaonyesha hatari hiyo haijapita katika ukanda huu wa shaba. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa Zambia, ukuta wa dimbwi la mabaki la kampuni ya Sino-Metals Leach ulibomoka, na maji ya asidi yakaingia katika mto Kafue kupitia vijito vyake. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, mjini Lubumbashi, maji ya kampuni ya CDM yalimwagika hadi mitaani, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni hiyo.

Kwa upande wa maji yanayotoka viwandani, umeme una njia nyingine, iliyo nyepesi kuliko ile ya tope. Vibao vya chuma au alumini vinatumbukizwa katika maji machafu na kupitishiwa mkondo. Vibao vinayeyuka polepole na kutengeneza mabonge laini yanayokamata metali, kisha mabonge yanashuka chini na kuondolewa. London walijaribu jambo la namna hiyo kwa maji ya vyoo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kazi inafanyika ndani ya tangi, kwa saa na si kwa miezi, na matokeo yanaweza kupimwa siku ileile. Chokaa ya kawaida nayo inafanya kazi kama hiyo, na Katanga haikosi chokaa.

Tope linalotolewa kwa njia hizo halitoweki. Linahitaji mahali palipotengenezwa vizuri, penye sakafu isiyovuja, mbali na kijito. Tofauti ni kwamba linakuwa kidogo, limekauka, na linajulikana liko wapi.

Kwa kingo za mto na mashamba, Chuo Kikuu cha Lubumbashi tayari kina uzoefu wa aina nyingine. Huko Penga-Penga, eneo la Lubumbashi lililochomwa na moshi wa kiwanda cha Gécamines, watafiti wa kilimo walijaribu chokaa, mboji na majani yanayovumilia shaba ili kufunika udongo na kuzuia metali isisambae. Njia hiyo haiondoi shaba, inaifunga. Kwa eneo pana inaweza kuwa nafuu, na umeme ukabaki kwa sehemu chache zilizo mbaya kabisa: karibu na midomo ya mifereji, au katika madimbwi ya tope laini lisilokauka.

Nani alipe

Sheria ya Kongo haiko kimya. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mwenye haki ya kuchimba alipe madhara aliyowasababishia watu na mazingira hata kama kosa lake halikuthibitishwa. Inataka pia kampuni ziweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza mahali baada ya kazi. Katika redevansi ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya mamlaka za eneo ambamo mgodi unafanya kazi, na asilimia 10 inaenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutoa walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya wakaaji.

Fedha hizo kwa kawaida huonekana katika shule, barabara na visima. Hakuna anayezikataa. Lakini kisima kilichochimbwa karibu na tope ambalo halijapimwa ni zawadi yenye shaka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si paneli wala elektrodi. Ni kupima: kuchukua tope sehemu kwa sehemu, kutoka Shituru hadi Panda inapoingia Lufira, na kubandika matokeo mahali ambapo mkulima na mvuvi wanaweza kuyasoma, kwa Kiswahili. Hatua ya pili ni kufunga kila mfereji unaotiririsha maji yasiyosafishwa. Ya tatu ni jaribio dogo, dimbwi moja, msimu mmoja wa kiangazi, chini ya wahandisi wa Likasi na Lubumbashi, na hesabu ya umeme na asidi iliyo wazi kwa wote.

Likasi haikosi wa kuifanya kazi hiyo. Ina chuo kikuu chake, ina shule za ufundi, na katika komini za Panda, Kikula na Shituru wako wastaafu wa Gécamines ambao wanaweza kueleza namna mkondo unavyokamata shaba bila kufungua kitabu. Kwa miaka mingi ujuzi huo ulitumika kutoa mali ndani ya mawe na kuisafirisha. Kuutumia kusafisha mto itakuwa mara ya kwanza faida yake kubaki kwa wanaokunywa maji ya Lufira na kula samaki wake.